Blanketi la Mama Maxine

Wabeba mizigo wa soko la Kibirichia walimwita mchuuzi wa viazi Karwirwa "Mukorino", jina wanaloliita gunia la viazi lililojazwa kupita kiasi hadi likafungiwa kilemba cha wavu juu, kama cha waumini wa Akorino. Hakuwahi kukasirika. Mwili ule ndio ulioinua magunia tangu mumewe alipofariki, na ndio uliomsomesha Maxine, mwanawe wa pekee, hadi akapata kazi ya ofisini mjini Meru. Lakini fadhila za punda ni mateke.

Maxine alipochumbiwa na Muriithi wa Embu, hakumleta mchumba nyumbani. Alileta kopo la vidonge.

"Mami, siku ya ruracio mama yake Muriithi ndiye atakufunga blanketi. Hiyo picha itaonwa na watu wote wa ofisi. Sasa hilo blanketi litakuzunguka kweli?"

Karwirwa alicheka, akidhani anataniwa.

"Sichezi, Mami. Ukikaa hivi, hiyo siku afadhali ubaki na viazi zako."

Siku ya ruracio, yaani ya mahari, mama hupewa heshima moja tu ambayo hagawani na mtu, nayo ni blanketi lile. Wazee hula mbuzi, wajomba hupokea fedha, naye hufungwa blanketi mabegani mbele ya watu, ndiko kuambiwa wewe ndiye uliyelea. Karwirwa alikuwa amelingojea tangu Maxine akinyonya. Akaenda na kopo kwa Nelius, muuguzi wa zahanati alikochukua dawa za presha.

Nelius aliligeuza kopo mkononi. "Mama Maxine, sikuogopeshi bure. Faida ni kilo chache, na ukiacha zinarudi. Hasara ni moyo, na wewe uko na presha. Tena hii kopo haisemi ndani kuna nini. Hii na dawa yako hazipatani. Kama ni kupunguza, tupunguze chapati na sukari, pole pole."

"Ruracio ni Agosti, daktari."

"Moyo haijui ruracio."

Mchuuzi wa viazi hafundishwi kupima. Karwirwa aliweka moyo upande huu, blanketi upande ule, na blanketi likazidi. Na kwa kuwa aliambiwa dawa hizo mbili hazipatani, mpumbavu yule, Mungu amrehemu, akaacha moja. Akaacha ya presha.

Mwili ukaisha. Mikono ikaanza kutetemeka, usingizi ukahama, moyo ukawa unatwanga kifuani hata akiwa ameketi. Gunia aliloinua miaka yote sasa lilimtazama tu kutoka chini. Hakuna aliyemwita Mukorino tena. Kwetu huku mtu akikonda ghafla hasifiwi. Watu huanza kuulizana harambee ya hospitali ni lini. Yeye aliyaona macho yao ya huruma akadhani ni wivu.

Sherehe haikufanywa kwake. Maxine aliipeleka Githongo kwa Kananu, dada yake Karwirwa, mwenye nyumba ya mawe na mwili wa kujaza mlango. Karwirwa alifika na gauni jipya lililomning'inia kama nguo kwenye kamba, akakaa kiti cha mbele akihema.

Mama yake Muriithi hakuwahi kumwona. Alimtazama, akamtazama tena, kisha akamwinamia Maxine, wala hakujali kupunguza sauti.

"Mwanangu, huyu mgonjwa ni nani? Msije mkatuficha ugonjwa wa ukoo."

Karwirwa alisikia. Akafungua mdomo mkavu ajitaje jina, lakini Maxine alimtangulia.

"Huyo ni anti, anaugua tu kidogo. Mami ni yule." Akamnyooshea Kananu kidole.

Wajomba wakatazama viatu vyao, maana mbuzi walikuwa wameshachinjwa. Blanketi lilifunguliwa, jekundu, zito, likamzunguka Kananu vizuri kabisa, na mama yake Muriithi akasema kweli huyu ni mama aliyelea.

Wanawake wakapiga vigelegele. Karwirwa naye akapiga, na moyo wake ukitwanga, kwa sababu asingepiga, wageni wangeuliza tena yeye ni nani.