Bunduki nzuri niliyomchagulia mke wangu hapa Doha, na bega ambalo sikuwahi kulitazama

Wakuu, heshima yenu.

Kabla sijaanza, nitenganishe mambo mawili ambayo humu jukwaani huchanganywa kila siku. Yaliyotokea dukani, nyumbani kwangu Fereej Bin Mahmoud na uwanja wa ndege, niliyaona kwa macho yangu. Yaliyotokea shambani Babati niliyasikia tu, na kila nitakapoyagusa nitasema kwamba niliyasikia.

Sitatia chumvi. Aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni mwalimu wa historia niliyestaafu mapema, nikaja Doha kuwa mtunza kumbukumbu katika kampuni ya ujenzi. Ninayosimulia ni ya mwaka jana, mwanzoni mwa miaka hii ya 2010, mji ukiwa unachimbwa kila kona na ukitoka asubuhi hujui barabara ipi imefungwa.

Mke wangu, Paskalina, alibaki nyumbani na shamba la mahindi. Marehemu baba yake alikuwa askari wa wanyamapori, na alimfundisha kutumia bunduki tangu akiwa binti. Alipofariki alimwachia shotgun yake ya mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati wakati wa kuweka risasi, na kibali kikahamishiwa kwake kihalali. Nguruwe pori wakishuka kwenye mahindi, anayeitwa ni yeye.

Hapa nisimame kidogo. Katika miaka thelathini ya ndoa sikuwahi kuongozana naye hata mara moja. Nilifundisha shule za bweni za mbali, na likizo nilirudi na mafungu ya mitihani ya kusahihisha. Kwamba mke wangu ana shabaha, nilikuwa nimesikia.

Wekeni hilo akilini.

Mwaka huo aliniambia kwa simu kwamba bunduki ya baba yake imegoma mara mbili, na mara ya pili nguruwe dume alikuwa hatua chache mbele yake. Nikaamua kumpa zawadi ya miaka thelathini ya ndoa: bunduki mpya ya kuwindia, nzuri, isiyogoma. Ningeichagua hapa, duka liitume kwa muuzaji mwenye leseni Arusha, yeye aipokee kwa kibali chake.

Nikamwagiza airudishe ya zamani polisi, ili faili lake liwe safi.

"Baba Neema, si tungengoja kwanza hiyo mpya ije?" aliuliza.

Nikamwambia taratibu hazingojei hisia. Akairudisha. Stakabadhi ya polisi aliniletea baadaye, ninayo.

Ijumaa moja alasiri nilikwenda dukani na watu wawili. Wa kwanza ni Wafula, Mkenya, dereva, anaishi Najma. Wa pili ni Damiano, binamu yake Paskalina, mlinzi, anayelala kambi ya Industrial Area. Yeye alikulia Dodoma.

Duka lile ni la wawindaji na watu wanaofuga mwewe wa kuwindia. Linanuka ngozi na mafuta ya bunduki. Bunduki niliyoitaka niliiona mara moja. Kitako chake kilikuwa cha mti wa walnut, mistari ya mbao ikitiririka kama asali, na ubavuni kimechongwa uvimbe laini wa kulaza shavu. Mtutu wake mweusi ulikuwa unang'aa. Upande wa kulia kulikuwa na kipini cha chuma, ambacho mpigaji hukivuta ili kutupa ganda na kupakia risasi nyingine.

"Mzee, hii ni ya nguruwe ama ya harusi?" Wafula akauliza. "Nguruwe akiiona atataka kupigwa picha nayo."

Mwisho wa rafu ilikuwepo nyingine, ya plastiki nyeusi, kipini chake kikiwa upande wa kushoto. Nilisema imekaa kama mwiko wa ugali, nikaipita.

Muuzaji, Msyria mwenye umri kama wangu, aliniuliza swali moja tu: mama anatumia mkono wa kulia au wa kushoto?

"Wa kulia," nikajibu.

Damiano akakohoa. "Shemeji, samahani. Mama alishasema dada Paskalina anapiga kwa shoto."

"Wewe ulimwona?"

"Sikumwona. Mama alisema."

"Mama yako alimwona?"

"Hapo sijui, shemeji."

"Basi hujui. Mimi nimemwona akiandika miaka thelathini, kwa kulia. Nimekula naye, kwa kulia. Usiniletee maneno ya jikoni katika jambo zito."

Damiano akarudi nyuma yangu. Wafula akasogea mbele.

"Mzee wangu, si umpigie tu umuulize? Simu unayo hapo mfukoni."

"Zawadi haiulizwi, Wafula."

"Sawa. Lakini kiatu huulizwa."

Nikaagiza kibati cha fedha kipigiliwe kwenye kitako, jina la mke wangu limechorwa juu yake. Muuzaji akanionya kwamba jina likishachorwa bunduki haibadilishwi. Nikatia sahihi.

Miezi miwili baadaye Paskalina alikuja kunitembelea kwa visa ya matembezi. Bunduki ilikuwa bado dukani, inangoja karatasi za kusafirishwa. Nikampeleka kuiona. Nikamwita Wafula, nikamwita Damiano, na nikawaalika wenzangu wawili wa ofisini, Mhindi na Mfilipino. Sikuwa na sababu ya kuwaalika ila nilitaka wanione nikitoa.

Paskalina alivaa kitenge kipya. Alipitisha kiganja juu ya mbao, akasoma jina lake taratibu.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri sana, Baba Neema."

Kisha akaiinua, akaiweka kwenye bega la kushoto.

Ule uvimbe wa kulaza shavu ukabaki upande wa nje, haugusi kitu. Kipini kikawa ng'ambo ya pili, na mkono wake wa kushoto ukalazimika kuruka juu ya bunduki kukitafuta. Akajaribu mara moja. Akajaribu tena.

Mimi ambaye sijawahi kufyatua hata risasi moja nikasema mbele ya wote, "Mama Neema, unaishika vibaya. Bega la kulia."

Akahamisha. Alihamisha kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Mtutu ukaanza kutikisika, akafumba jicho la kulia, lile ambalo ndilo lingelenga. Nami nikawageukia wageni wangu, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba ana woga kidogo, si kawaida yake kushika kitu cha thamani.

Wakuu, hayo niliyasema mimi. Sikusimuliwa.

Muuzaji alikwenda mwisho wa rafu, akaleta ile ya plastiki, akampa. Paskalina akaiweka bega la kushoto bila kufikiri. Akavuta kipini, akarudisha, akavuta tena. Mara tatu, na mdomo wa mtutu haukusogea hata unywele. Mzee mmoja wa Kiqatari aliyekuwa anakunywa kahawa pembeni akasema, "Mashallah."

Damiano alikuwa anatazama viatu vyake. Angeweza kunitazama mimi, na alikuwa na haki.

Paskalina akairudisha ile nyeusi kwa muuzaji kwa mikono miwili. Akawaambia wageni, kwa Kiingereza chake cha shule ya msingi, kwamba mume wake amechagua vizuri. Kisha akanigeukia. "Tuchukue hii yako. Nitaizoea."

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kuweka sufuria jikoni. Nikasimama mlangoni. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Hukuniuliza."

"Lakini unaandika kwa kulia."

"Darasa la kwanza nilichapwa mkono huu mpaka ukavimba. Nikajifunza kuandika kulia, kula kulia, kusalimia kulia. Baba peke yake ndiye aliyeniacha. Alisema porini hakuna mwalimu."

Nilikuwa mwalimu. Na mimi niliwachapa watoto wa namna hiyo, kwa rula, nikiamini ninawanyoosha. Sikumwambia. Nadhani alikuwa anajua.

Akaendelea kusonga ugali, mgongo umenielekea.

"Mwiko ninashika kwa mkono gani?" akauliza.

Nikanyoosha shingo nione. Alikuwa amesimama kati yangu na sufuria.

"Wewe, Baba Neema, ugali unauona ukishafika mezani."

Baada ya kula nikamuuliza kuhusu ile ya baba yake. Ilikuwa haina upande: unaikunja, unaweka risasi, unapiga kwa bega lolote. Ndiyo maana kugoma kwake kote aliivumilia.

"Niliirudisha," alisema. "Si uliniagiza?"

Niliandika barua polisi kuiomba. Jibu ninalo: silaha iliyosalimishwa hairudishwi. Nilirudi kwa muuzaji. Alinionyesha sahihi yangu na jina lililochorwa. Na kibali chake kilikuwa tayari kimeandikwa namba ya bunduki ile ile. Kuomba kingine kungechukua msimu mzima, na mahindi hayangojei. Kwa hiyo mke wangu alirudi kukabili nguruwe na bunduki iliyotengenezwa kwa mtu mwingine, mtu niliyemtunga mimi kichwani.

Sasa yale ya kusikia. Nimesikia kwa Damiano kwamba msimu ule aliua nguruwe wanne kwa bunduki hiyo, na kwamba wa tano alimfikia kabla hajamaliza kurusha mkono kwenye kipini, akamchana paja. Paskalina mwenyewe kwenye simu anasema ni mwiba. Sijaliona paja hilo. Nimekata tiketi ya kwenda kuliona, na safari hii sichukui mitihani.

Funzo langu si jipya kwenu. Nilijivunia kukataa maneno ya watu, nikasahau kwamba na macho yangu yalikuwa yanachagua pa kutazama. Nilimwuliza Damiano kama aliona, sikujiuliza mimi nimeona nini. Na aliyejua kila kitu alikuwa upande wa pili wa simu.

Wenye kunilaumu, uwanja ni wenu, sitajitetea. Ila ningependa wenye ndoa ndefu waniambie jambo moja ambalo wenzi wao hulifanya kila siku na wao hawajawahi kulitazama. Semeni mliloliona, si mlilosikia.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alinipa mkono wa kulia, kama kawaida, akaniambia nisisahau dawa za presha. Kisha akainama, akaokota mkoba wake, akautundika bega la kushoto, akaingia.

Hilo nililiona.