Kikapu cha Ukindu na Duka la Plastiki

Jumamosi, 14 Agosti 1993. Upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Kwenye maonyesho ya kazi za mikono nilikaa na mama mmoja wa Mpwapwa, nikamsaidia kusuka kikapu cha ukindu.

"Shoga, kazi unaijua! Njoo kikundini kila Jumamosi."

Nilitaka sana. Mara mume wangu akasimama mbele yetu.

"Mama watoto, ukisuka vikapu, ndoo zetu za plastiki atauza nani?"

"Shemeji, funga duka usuke na wewe!"

Hakucheka. Hakunifokea pia, niseme kweli, na duka ndilo linalotulisha. Labda ni mimi nisiyeridhika. Nikamrudishia mwenzangu kikapu, nikaenda kuuza ndoo.

Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mume wangu aliusifu mlenda, nikasema asante.