Kaya ni Pale Panapopikwa

Niliondoka Korogwe kwa sababu mkuu wangu wa kazi aliamini kwamba wanawake wa Handeni hawajui kula. Hayo ndiyo maneno yake. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa bibi maendeleo kijana, mwenye sketi iliyopigwa pasi na picha kubwa ya yai. Niliagizwa niwafundishe lishe bora. Hilo yai watalipata wapi, halikuwa swali la idara yetu.

Asubuhi hiyo barabara ya mkato ilikuwa imeharibiwa na mvua, kwa hiyo lori lilituzungusha kwa njia ya Segera. Pale njia panda tulikaa sana, dereva akinywa chai na kupiga soga na wasafiri wa Arusha. Mama mmoja muuza machungwa aliiona picha yangu akaniuliza kama nauza kuku. Nikamwambia nauza elimu. Akasema basi nisiwe na haraka, hiyo haiozi njiani.

Kutoka Segera hadi Handeni tulisukuma lori zaidi kuliko tulivyolipanda. Pasi ya sketi iliishia kwenye tope la kwanza.

Jioni niliingia kijiji kipya, mwendo mfupi kutoka Misima. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Zaina, mke wa pili wa Mzee Mhina. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kunikaribisha kaya. Kwa Kizigua, kaya ni nyumbani. Alinipikia ugali na mchunga, mboga chungu ya porini, na huku akisonga akanieleza linalomkera. Kule walikotoka, kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake. Hapa kijijini nyumba bado anayo, lakini mahindi yote yamewekwa katika ghala moja, na ufunguo wake uko kiunoni kwa mzee. Ili apate unga, alisema, lazima kwanza acheke na mume asiyechekesha. Kesho yake mashamba yangegawiwa, naye alitaka lake mwenyewe, hata likiwa dogo.

Kulipokucha, bwana shamba alifika na kamba ya kupimia, akatangaza kwamba wakuu wa kaya wasimame. Wanaume wakasimama. Wanawake nao wakasimama, wote. Bwana shamba akacheka, akidhani hawakumsikia, akarudia polepole kama anayesema na wagonjwa. Hakuna aliyeketi. Ikabidi afafanue kwamba kaya ni mume, wake zake na watoto, na kila kaya ina shamba moja.

"Kaya ni pale panapopikwa," Mama Zaina alimjibu. "Mume wangu analala kwangu siku mbili, kisha anahama. Huyo ni mgeni, bwana. Mgeni anakuwaje mkuu wa kaya?"

Bwana shamba alinigeukia mimi, mtumishi mwenzake, niwaeleweshe. Nikamwambia mimi nimekuja kwa habari ya mayai tu.

Mwenyekiti wa kijiji, mume wa wake watatu, ndiye aliyeokoa jahazi. Alikumbusha kwamba kijiji chenye kaya nyingi ndicho kinachotangulia kupata bomba la maji. Kwa hiyo, akaamua, tukipeleka habari wilayani kila jiko litakuwa kaya, na tukigawa mashamba kila mume atakuwa kaya. Wanaume wakapiga makofi. Mimi niliona aibu hata kuikunjua ile picha.

Mchana huo hakuna moto uliowashwa. Wanawake walikaa barazani wakisukana nywele. Mzee Mhina alipoulizia chakula, wake zake walimwambia kwa adabu zote kwamba kaya sasa ni moja, mkuu wake ni yeye, na ufunguo anao. Akafungua ghala, akatoka na mahindi ndani ya kofia, akasimama uani akiyatazama. Nilijifunza siku ile kwamba sera haijui kutwanga.

Kesho yake, kabla hata ya uji, mwenyekiti alitangaza kwamba kila mke atapewa kipande kitakachoitwa shamba la jiko, maana wilaya haijakataza majiko. Kipande cha Mama Zaina kilikuwa kando ya korongo, penye mawe. Alianza kufyeka asubuhi hiyohiyo.

Siku ya kurudi Korogwe alinisindikiza hadi barabarani, jembe begani. Nilimpa hongera kwa kupata shamba lake.

"Langu tangu lini, mwanangu?" akasema. "Wamesema ni la jiko. Mzee akiniacha kesho, atakayekuja kupika ndiye atakayevuna."

Pale barabarani serikali nilikuwa mimi, na picha ya yai kwapani. Lori lilipotokea aliniaga upesi, akarudi kupanda.