Chelimo Alisema Yuko Sawa

Ukiuliza mtu yeyote huku juu ya Kaplong ni nani anaweza ingia kwako bila kubisha, akute vyombo chafu, aoshe, na asiende kusema mahali, utaambiwa Sellah Mongina. Mama Antony. Yule Mkisii wa kicheko kubwa, mwenye alikuja kuchuma majani chai akiwa msichana, akaolewa na Kebaso na akabaki hapa hapa. Hadi leo anachuma akiongea. Mdomo inaenda, mikono inaenda, na kikapu inajaa hata hujui imejaa saa ngapi.

Sellah ndiye mwenyekiti wa Akina Mama wa Ijumaa. Hicho kikundi hakina ofisi, hakina mhuri, hakina chochote. Kazi yao ni moja tu: kuingia kwa watu. Umezaa? Ijumaa wako kwako, mmoja anaosha mtoto, mwingine anaosha nguo, mwingine amepika uji. Umefiwa? Wanakalia mkeka na wewe mpaka uchoke na sura zao. Sellah anajua vile hiyo inasaidia, kwa sababu Kebaso alipokufa, mama mmoja jirani anaitwa Chelimo aliingia kwake na kuni mgongoni. Hakusema hata pole. Aliwasha tu moto. Akakuja kila siku wiki tatu mzima.

Basi wakawa marafiki wa kuchekana.

"Wewe utamaliza ndizi ya dunia yote," Chelimo alikuwa anamwambia.

"Na wewe mwenye unakunywa mursik, maziwa na majivu ndani? Kati yetu nani ako na shida?"

Halafu korona ikakuja. Chifu akasema hakuna kukutana, kanisa ikafungwa, Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka. Watu walidhani kikundi imekufa. Sellah akashika simu, akatuma voisi kwa wotsapu ya kikundi: "Akina mama, hatuachi kazi. Tunabadilisha tu."

Na aki walibadilisha! Walishona barakoa na leso za zamani. Wakafunga vijerikeni vya kunawa kwa kila geti, na sabuni imening'inia na kamba. Wakahesabu wazee wenye wanakaa peke yao, wakapata kumi na moja, wakagawana. Kila siku mama anapeleka chakula na maziwa, anatundika kwa geti, anapiga salamu, akijibiwa anaenda. Sheria ilikuwa moja, na Sellah ndiye aliitunga: hakuna kuingia. Hata mama wa kikundi kingine kule Sotik alimpigia kuuliza wanafanyaje. Sellah alijiskia poa sana siku hiyo.

Sasa shida ilikuwa hiyo salamu.

Huku mtu akikuita "Chamgei!" unajibu "Chamgei mising!" yaani uko sawa, tena sana. Hata kama jino inakuua. Hata kama ng'ombe imekufa asubuhi. Unajibu hivyo kwanza, mgeni anaingia, anapewa kiti, chai inakuja, na ikifika kikombe ya pili ndio unasema ile kitu iko kwa roho. Kila mtu anajua hivyo, hakuna mtu hufundishwa. Lakini hakuna mama hata mmoja alifikiria kwamba kwa geti hakuna kikombe ya pili.

Kwa ule mgao, nyumba ya Chelimo ilikuwa ya Sellah. Miaka sitini na nane, mjane, ako na ugonjwa wa sukari. Mtoto wake mmoja tu, Nelvine, alikuwa amefungiwa Nairobi.

Jumatatu alitoka nje wakachekana kidogo. Jumatano hakutoka. Sauti tu ndio ilitoka.

"Chamgei!"

"Chamgei mising!"

"Hutoki leo?"

"Ni baridi. Enda, Mama Antony, utanyeshewa."

Alhamisi, maziwa ya Jumatano ilikuwa bado imening'inia kwa geti. Sellah akasimama. Ile geti inafungwa na waya tu, ukiizungusha mara mbili uko ndani. Akaishika. Lakini hiyo wiki, mbele ya kikundi yote, alikuwa amegombeza Chepkosgei, yule mama mdogo kwa wote, juu alionekana akitoka kwa nyumba ya Mzee Kiptum, mmoja wa wale wazee kumi na moja. Alimwambia, "Ukiingia, wewe ndio unaua wazee." Chepkosgei alilia. Sasa yeye mwenyewe aingie?

"Mama Nelvine! Maziwa ya jana mbona hukuchukua?"

"Nitachukua."

"Uko sawa kweli?"

"Mising."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imejibu. Sellah akatundika maziwa mpya kando ya ile nyingine. Alipofika barabarani akageuka. Jikoni hakukuwa na moshi. Akajiambia pengine Chelimo anahifadhi kuni, akaenda.

Ijumaa hakuna mtu alijibu.

Sellah hakuzungusha hiyo waya, aliing'oa. Alimkuta kwa kitanda, midomo imekauka imepasuka, anapumua haraka haraka. Pakiti ya dawa ilikuwa kwa stuli, tupu. Ilikuwa imeisha zaidi ya wiki. Chelimo aliogopa kutuma mtu hospitali, mtoto wa wenyewe asipate korona juu yake.

"Ulisema uko sawa!" Sellah alikuwa anapiga kelele na huku anamfunika. "Jana ulisema uko sawa!"

Chelimo akamwangalia polepole. "Si ulinisalimia," akasema. "Na ulikuwa kwa geti. Ningejibu nini?"

Alikufa hospitali Jumapili.

Walimzika Jumatatu, haraka, na watu wamevaa nyeupe mpaka macho. Watu kumi na tano tu. Wale mama wengine walisimama kwa shamba la majani chai, kila mmoja kwa laini yake, wakaimba na barakoa. Wimbo haikufika hata kaburini, upepo ilikuwa inaipeleka upande ile ingine. Vipimo vilirudi Alhamisi. Hakuwa na korona.

Jioni hiyo Nelvine akapiga simu.

"Mama Antony, nataka tu kujua alisema nini mwisho."

Sellah angeweza kusema kitu tamu. Kwamba aliomba, kwamba alimtaja. Mtu wa mdomo kama yeye angepata ya kusema. Akaketi chini kwa mlango.

"Alijibu salamu," akasema. "Ile Alhamisi, kabla nimkute kitandani. Nilimsalimia, akasema yuko sawa, nikaenda."

"Ulikuwa hapo kwa geti."

"Nilikuwa."

"Na hukuingia."

"Sikuingia, mwanangu."

Nyuma ya Nelvine magari ya Nairobi ilikuwa inapita. Halafu Nelvine akakata. Hajapiga tena.

Usiku Sellah alirekodi voisi mara nne akifuta. Ile ya tano akaituma: "Chepkosgei, nisamehe. Wengine mskie. Salamu ya geti imeisha. Mtu atoke umwone na macho yako. Asipotoka, vaa barakoa uingie. Chifu akiuliza, mwambie ni mimi."

Asubuhi akachukua nyumba ya Mzee Kiptum mwenyewe.

"Niko sawa, Mama Antony!" mzee akaita kutoka ndani.

"Sijakuuliza, mzee. Toka nikuone."

"Sijavaa vizuri."

"Nangoja."

Alingoja sana. Mzee akatoka akishika ukuta, gambuti moja kwa mguu, mguu ingine tupu. Akaangalia chini kama mtoto amepatikana akilamba sukari.

"Ni goti," akasema. "Imefura tangu Jumapili."

Sellah akafungua geti, akamkalisha kwa kiti, akapiga magoti hapo mbele yake kukunja hiyo suruali. Mzee akaona barakoa ya Sellah imelowa yote.

"Sasa wewe unalia nini?" akauliza. "Goti ni yangu."