Disketi Iliyochukua Nafasi ya Kadi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu, boksi la kadi tupu na onyo. Ofisi yetu ya utafiti wa lugha ilikuwa ghorofani, katika jengo la zamani karibu na Mnazi Mmoja. Mkuu wa Kitengo aliitazama tai yangu, akasema, "Hapa hatutungi nadharia, msomi. Tunaandika kadi."

Kazi ilikuwa kupanga vitenzi vya Kiingereza katika makundi kwa kufuata tabia zake, ili watunzi wa kamusi wajue kipi kinafanana na kipi. Kitenzi cha kuvunja hakikai na cha kupiga: Mwingereza anaweza kusema kikombe kimevunjika kwa kitenzi kilekile cha kuvunja, asimtaje aliyekivunja, lakini cha kupiga hakimruhusu hivyo. Kila kitenzi kilikuwa na kadi yake yenye maana, sentensi za mfano na kundi lake. Makabati yalijaza chumba kizima.

Mwenye chumba hicho alikuwa Bi Hansa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyeishi Kisutu. Alianza kuandika kadi hizo nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Alikuwa na sheria moja: hakuna kusaini kadi mpaka mtu mwingine akusomee kwa sauti, kuanzia juu hadi chini.

"Kwa nini tusomeane kama chekechea?" nilimuuliza. "Na kwa nini kadi, wakati wenzetu wana kompyuta?"

"Wewe hata chai unaihoji," alisema. "Lakini kikombe unakimaliza. Soma."

Kisha soko huria likapanda ngazi zetu. Fedha za serikali zilipungua, na Mkuu akaamua kupangisha chumba cha kadi kwa mfanyabiashara wa vitenge aliyebanwa na nafasi Kariakoo. Aliniita ofisini kwake, na Bi Hansa alikuwepo.

"Msomi, umetuambia mara ngapi kwamba mambo haya yapo kwenye intaneti? Nenda katafute. Yakiwepo, kadi zinaondoka. Yasipokuwepo, nitamwambia mpangaji atafute pengine."

Nilikwenda kwenye intaneti kafe moja Mtaa wa Msimbazi. Nilisubiri zamu kati ya vijana waliokuwa wakiandikia ndugu zao wa ughaibuni. Baada ya kuhangaika sana niliupata: ukurasa wa chuo kimoja cha mbali, wenye makundi ya vitenzi vya Kiingereza kwa mamia, kila kundi limepigiwa mstari wa bluu. Nilifungua kundi moja. Vitenzi vilishuka kwenye kioo, na mifano yake, na maelezo. Nilihisi nimeshinda mabishano ya miaka. Nikahifadhi ukurasa ule kwenye disketi, kile kibapa cha plastiki cha kubebea mafaili, nikaondoka.

"Yote yamo?" Mkuu aliuliza.

"Yote yamo."

Bi Hansa aliigeuza disketi mkononi. "Nani amekusomea?"

"Hii haisomwi kwa sauti, Bi Hansa. Ni kompyuta."

Aliiweka mezani. Disketi iliandikwa kwenye rejista ya mali, ikafungiwa kwenye kabati la chuma. Wiki hiyohiyo kadi zilipakiwa kwenye mkokoteni. Nilisikia baadaye kwamba zilichomwa Buguruni. Sikwenda kuhakikisha.

Miezi ikapita mpaka watunzi wa kamusi walipohitaji makundi yetu. Niliitia disketi kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo haikuwa na intaneti. Bi Hansa alivuta kiti, akashika kalamu.

"Nisomee."

Nilisoma majina ya makundi, moja baada ya jingine, hadi mwisho.

"Sasa vitenzi."

Nilibonyeza mstari wa kwanza wa bluu. Hakuna. Wa pili. Hakuna. Nilichokihifadhi kilikuwa orodha ya milango tu. Vyumba vilibaki kulekule kwenye intaneti. Nilikimbilia Msimbazi. Ukurasa haukupatikana, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata.

"Endelea," Bi Hansa aliniambia niliporudi siku ile.

"Hakuna cha kuendelea, mama."

Alifunika kalamu yake. Nilitamani anitukane. Alichukua mkoba, akashuka ngazi akipishana na wabeba marobota ya vitenge, na hakurudi tena kazini.

Leo makundi hayo yanapatikana kwa simu, tena bora kuliko yetu. Vijana wananiambia hivyo wakidhani wananifariji. Lakini sentensi za Bi Hansa, alizozichagua akiwafikiria watoto wa Kitanzania aliowafundisha, hazipatikani popote. Nilihoji walimu, wakuu, serikali na chai. Kioo kile sikukihoji.

Siku niliyostaafu, karani aliniletea orodha ya makabidhiano. Katikati palikuwa na mstari: disketi moja, makundi ya vitenzi, hali nzuri. Aliniuliza kama anisomee. Nilimwambia hakuna haja, nikasaini.