Baiskeli Mbili Kwenda Korogwe

Nilirudi kwenye baiskeli nikiwa na miaka arobaini na tisa, baada ya daktari wa kituo cha afya kunipima presha mara mbili, akidhani mashine imekosea.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Fundi cherehani."

"Unakaa tangu asubuhi mpaka jioni?"

"Nakaa."

"Basi tafuta namna ya kutokwa jasho."

Baiskeli nilikuwa nayo nyumbani, Chanika ya Handeni, imeegemea ukuta wa nyuma, kuku wamehamia kwenye karia. Nilibadilisha tyubu, nikapaka cheni oili ya cherehani, nikaanza kuzunguka kila alfajiri baada ya swala. Wiki ya kwanza nilikuwa nashuka kila kilima na kusukuma, nikijifanya natazama mashamba ya watu.

Asubuhi moja, njia ya Misima, nilimkuta mtu wa rika langu amesimama kando ya barabara na madumu mawili ya maziwa. Alikuwa mfugaji, amejifunga shuka nyekundu, na tairi la baiskeli yake lilikuwa limeisha upepo kabisa.

"Imekufa," alisema.

"Haijafa. Imechomwa na mwiba."

Nilikuwa na solusheni na vipande vya mpira. Tukatoa tyubu, tukaziba. Kabla ya kuirudisha nikamwonyesha jambo ambalo wengi hulisahau: kupitisha vidole ndani ya tairi, polepole, kuutafuta mwiba wenyewe. Aliupata yeye. Aliuweka kiganjani akautazama kwa muda, kisha akaniambia baiskeli ile alikuwa nayo miezi mitatu tu, na kwamba tangu aipate magoti yanamuuma.

Kesho yake alinipitia dukani. Nilichukua futi kamba nikampima mguu toka juu mpaka kisiginoni, kama ninayemkatia suruali, yeye ambaye hakuwahi kuvaa suruali maishani. Alicheka mpaka wateja wakageuka. Nikapandisha siti yake vidole vinne. Magoti yakapona.

Na yeye akaniponya mimi. Alikuwa ametembea maisha yake yote nyuma ya ng'ombe, na mapafu yake yalijua mambo ambayo yangu hayakujua. "Wewe unapanda kilima kama unagombana nacho," aliniambia. "Panda huku unaongea. Maneno yakikatika, punguza mwendo." Basi tukawa tunaongea. Kila alfajiri nilimpokea njiani, tukarudi wote mpaka mjini, yeye na madumu yake, mimi na pumzi zangu. Ndivyo nilivyojua kwamba ana binti kidato cha pili, anasoma bweni Korogwe, na kwamba siku za wazazi huwa anakwenda mama yake, kwa sababu yeye basi humtapisha hata kabla halijaondoka stendi.

"Hajawahi kuniona pale shuleni," alisema. "Wenzake wanadhani hana baba."

Nilimjibu bila kufikiri: "Twende kwa baiskeli."

Tulijiandaa miezi miwili. Tulikwenda Sindeni na kurudi, mara nne, mpaka nikakipanda kilima cha mwisho bila kushuka. Nilikaza spoku, nikabadilisha raba za breki. Daktari alinipima tena, na safari hii hakurudia.

Tuliondoka Jumapili ya siku ya wazazi, kabla hapajapambazuka vizuri. Yeye alifunga kibuyu cha maziwa ya mgando kwenye usukani, akakiviringishia kitambaa kama mtoto. Ni zaidi ya kilomita sitini, na wageni shuleni mwisho saa tisa. Mpaka Sindeni tulikuwa na muda wa kutosha, tukala maandazi, tukacheka. Mbele kidogo tukasikia mlio. Jiwe lilikuwa limepasua tairi lake la nyuma ubavuni, mpasuko wa kuingia vidole viwili, na tyubu imetoboka.

Tyubu tungeweza kuiziba. Lakini tairi likipasuka vile, tyubu hutokeza nje kwenye mpasuko na kupasuka tena. Nilikaa chini. Nilimwambia asimamishe gari lolote, nitabaki na baiskeli. Alikataa. Akaniuliza, "Wewe si fundi wa kushona?"

Sindano nene huwa naichomeka kwenye kofia kwa mazoea ya kazi. Uzi wa nailoni tuliuchomoa kwenye kiroba nilichofungia maandazi. Nilishona tairi lile, mshono wa kurudia, jasho likinitiririka machoni. Ilibaki kitu cha kuweka kwa ndani, kuzuia uzi usiikate tyubu. Tulitazama huku na huku. Yeye akavua katambuga yake ya kulia, ambayo nayo ilitokana na tairi, akachomoa sime, akaikata kisigino na kukichonga kikawa chembamba.

"Utavaa nini?"

"Nusu iliyobaki. Pedali haitaki kisigino."

Tulifika shuleni saa tisa na dakika ishirini. Mlinzi alisema muda umekwisha. Sikuwahi kumsikia rafiki yangu akiomba, na hata siku ile hakuomba. Alisimama tu getini, vumbi mpaka kwenye nyusi, kibuyu mikononi. Mlinzi alimtazama mguu, akazitazama baiskeli.

"Mmetoka wapi na hizo?"

"Handeni," nilisema mimi.

Mlinzi akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na binti. Binti alikuja akikimbia, kisha alipokaribia akaacha kukimbia, akainamisha kichwa mbele ya baba yake, naye akaweka mkono utosini pake, kama wanavyoamkiana kwao. Mkono ule ulikaa pale muda mrefu. Wasichana wenzake walikuwa wamejaa madirishani. Nilijifanya naangalia breki.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha vya kutosha, na majani yakaisha mapema. Wafugaji walianza kuondoka kuelekea kusini, boma moja baada ya jingine. Yeye alikuja dukani mchana, bila madumu, akaniambia wanaondoka na binti atabaki amalize shule.

"Siku za wazazi utakwenda wewe," alisema. Haikuwa swali.

Nilikwenda. Kila mara kwa baiskeli, peke yangu, mpaka binti alipomaliza kidato cha nne. Mlinzi alinizoea, akawa ananiita baba mdogo. Binti naye alinisalimu hivyo hivyo, kwa kuinamisha kichwa, na mara ya kwanza sikujua niufanyeje mkono wangu. Sasa amewafuata wazazi wake huko kusini.

Baba yake hupiga simu akipata mahali penye mtandao. Anasema huko ni mchanga mtupu, baiskeli inazama, ameigawa. Amerudi kwenye kutembea. Huniuliza presha yangu, nami namjibu ni nzuri, na ni kweli. Huniuliza nitakwenda lini kumtembelea. Nasema baada ya Idi, baada ya mavuno, watu wakipunguza kushonesha.

Alfajiri bado natoka. Njia ya Misima ni ile ile, na vilima vyote navipanda sasa bila kushuka. Lakini navipanda kimya, na mtu akikaa kimya hawezi kujua kama pumzi imemwishia. Jana nilifika juu, nikasimama, mguu mmoja chini, nikajikuta nageuka nyuma kumsubiri.