Nusu ya Mapacha

Nilipohamia shule moja ya msingi hapa Tabora mjini, nilikabidhiwa darasa la wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Miongoni mwao alikuwapo binti mmoja kutoka Itetemia, mrefu kuliko wenzake, mwenye sauti nzuri. Tukiimba "nusu na nusu ni kitu kizima," yeye ndiye aliyeongoza. Nikaamini ameelewa.

Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta na kiazi kitamu cha kuchemsha. Nikamtania, "Nipe nusu."

Akakimega, akanipa pande kubwa, mwenyewe akabaki na kimkia.

"Hii ndiyo nusu?"

"Ndiyo, mwalimu. Wewe si mkubwa?"

Nilicheka, kisha nikang'amua jambo. Wimbo aliujua wote, lakini kwake nusu ilikuwa heshima: mkubwa hupewa kikubwa. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha maana nyingine.

Jioni mama yake alipokuja kumchukua, nilimuuliza binti anapenda kufanya nini nyumbani.

"Kuwagawia uji wadogo zake mapacha," akasema. "Wale wakigombana, mwamuzi ni yeye."

Kesho yake nikaja na uji na bilauri mbili zinazofanana. "Hawa ni mapacha," nikamwambia. "Hakuna mkubwa hapa. Wagawie."

Akamimina. Akainama mpaka macho yakawa usawa wa bilauri, akapunguza huku, akaongeza kule, akapunguza tena. Uji ukamwagika mezani. Mikono iliniwasha kumsaidia, nikaikunja kifuani. Mwishowe akainuka.

"Hawatagombana."

"Kwa nini?"

"Wamelingana."

"Basi alichopata kila mmoja ndiyo nusu."

Akarudia polepole, safari hii bila kuimba: "Nusu. Wamelingana." Halafu, bila kuambiwa, akachukua chaki, akaivunja, akavilaza vipande ubavu kwa ubavu. Kimoja kilikizidi kingine. Akatikisa kichwa. "Hii siyo."

Lile "siyo" lilinifurahisha kuliko majibu yote sahihi aliyowahi kuniimbia.

Siku chache baadaye mama yake, ambaye alishaanza kufikiria kumwachisha shule, alinisimamisha getini akicheka. "Mwalimu, jana mwanao kanikatalia muhogo. Eti sikumkatia nusu!"

Sasa tumeingia kwenye robo. Bado inatutoa jasho, yeye na mimi, na kila siku meza inalowa. Nyimbo tunaimba pia, lakini baada ya kumimina.